Utamu wa Bonde la Pangani (4): Tangawizi ya Mamba, Utamu wa Wengine

Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa nchini Tanzania, sukari ikaadimika, na kilo moja ikapanda hadi kupita shilingi 4,000. Mpika kashata wa Same hawezi kupanga biashara kwa bei ya namna hiyo. Mwaka huohuo sheria ilibadilishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula utunze sukari ya akiba. Ni hatua njema, lakini habari ya sukari katika bonde hili ni ya zamani zaidi.

Ndiva za Upare, yaani mabwawa ya umwagiliaji, na mifereji yake tulikwisha kuzieleza katika sehemu zilizotangulia. Leo tushuke na mto Pangani. Katikati ya karne ya 19 mabwana wa Pangani walipanda miwa kandokando ya maji, wakaikamua na kuchemsha sukari guru, iliyopakiwa majahazini kwenda Unguja. Jua la shambani na moto wa masufuria viliwaangukia watumwa. Huku juu, mtawala Semboja wa Mazinde alikuwa akivamia Upare, na mateka wakiteremshwa pwani kwa bonde hilohilo. Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa Pangani dhidi ya Kampuni ya Wajerumani mwaka 1888 hadi akanyongwa Desemba 1889, naye alikuwa na shamba la miwa. Tunapowafundisha watoto ushujaa wake, tuwaambie pia ni nani waliokata miwa ile. Si haki kumsifu mwenye shamba na kumsahau mwenye panga.

Dhuluma ile imekwisha, lakini mazoea ya kulima tusichokifaidi bado tunayo. Tangawizi ya Mamba Miamba, wilayani Same, hushuka mlimani kwa magunia. Kiwanda cha kuikausha na kuisaga kimejengwa hukohuko, nami nakiunga mkono kwa moyo wote, ila unga pekee hautoshi.

Wavietinamu wamekwenda mbali zaidi. Tết, mwaka mpya wao, una mứt gừng, tamutamu ya tangawizi ambayo mji wa Huế unasifika nayo. Tangawizi changa humenywa na kukatwa vipande vyembamba kama karatasi, huchemshwa na kumwagwa maji mara kadhaa ili ukali upungue, kisha hulazwa kwenye sukari mpaka ijitoe maji. Hapo hubandikwa kwenye moto mdogo. Mpishi hugeuza polepole, shira inakauka, na kila kipande kinavaa ungaunga mweupe. Ikifungwa vizuri haiharibiki upesi, nayo huliwa kwa chai ya moto.

Sioni kinachotuzuia. Kina mama wa Mamba wanaijua tangawizi kuliko mtu yeyote, na mabasi ya Arusha na Dar es Salaam yanapita Same kila siku yakiwa na wateja. Nawaomba SIDO, shirika la viwanda vidogo, wa Kilimanjaro wapande mlimani na sufuria, mizani na vifungashio, wafundishe hukohuko vijijini, badala ya kuwaita kina mama semina mjini Moshi.