Kaoze wa Marungu: wanamtaja sana, lakini hesabu haimuoni

Tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze alipewa upadri huku Baudouinville, mji ambao leo tunauita Moba-Kirungu. Ndiye padri wa kwanza Mkongomani wa wakati wa ukoloni (ufalme wa Kongo, kule magharibi, ulikuwa na wake zamani sana). Hiyo wazee wa Kirungu wanaijua. Isiyozungumzwa sana ni kwamba, miaka saba mbele ya siku ile, Kaoze alikuwa amekwisha kuchapisha andiko lake Ubelgiji.

Andiko hilo, « La psychologie des Bantu », lilianza kutoka mwaka 1910 katika La Revue congolaise, likitanguliwa na maneno ya Mjezwiti Arthur Vermeersch. Kaoze alikuwa angali mseminari. Alieleza, kwa Kifaransa, namna watu wa Marungu wanavyofikiri na kuhisi. Ni kati ya maandishi ya kwanza kabisa ya Mkongomani kuchapishwa katika luga hiyo.

Sasa, ni nani anayemtaja? Wa fasihi wanamuweka mwanzoni mwa historia ya waandishi wa Kongo. Wa filozofia wanakumbusha kwamba aliandika miaka 35 mbele ya Placide Tempels, ambaye kitabu chake juu ya filozofia ya Kibantu kilitoka mwaka 1945. Wa historia wanamsoma kama shahidi wa ukoloni, wa teolojia kama mzaliwa wa kwanza wa mapadri wa inchi. Andiko moja, milango mine.

Lakini masomo ya leo yana mizani yake. Mwaka 2005, Jorge Hirsch, mwalimu wa fizikia kule Kalifornia, alileta alama inayoitwa h. Hesabu yake si ngumu: ukiwa na makala 5, na kila moja imetajwa na wengine angalau mara 5, alama yako ni 5. Kwa hiyo mtu mwenye andiko moja tu, hata likitajwa mara 500, anabaki na 1. Kaoze hakuchapisha mengi.

Tena mashine zinakosea majina. Kuna anayeandika Stefano, mwingine Stéphane. Kuna « Bantu » na « Bantus ». Kwa mashine hao ni watu wawili, hayo ni maandiko mawili. Na vitabu, ambamo watu wa fasihi na historia wanapenda kuandika, mara nyingi havihesabiwi vizuri kama makala.

Udaktari ni mambo mengine. Mwaka 2019, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wengi walichapisha katika New England Journal of Medicine majaribio ya dawa ine za Ebola, yaliyofanyika huku mashariki kwa wagonjwa 681. Dawa mbili zilipunguza vifo kuliko zingine. Makala kama hiyo inatajwa haraka, juu ya waganga wa dunia nzima wanaihitaji mara moja. Kazi juu ya mila za Watabwa inaweza kungoja miaka makumi. Kuweka hizo mbili kwenye mizani moja ni kupima samaki na mahindi kwa debe moja.

Hapo ndipo kijana wa Moba anayetaka kuwa mtafiti anaguswa. Akiandika juu ya kijiji chake, kwa Kifaransa, katika revi ya Lubumbashi, alama itapanda polepole, na alama hizo zinaweza kutumika kumpa mtu kazi ao cheo. Tangu tangazo la San Francisco la mwaka 2012, watafiti wengi wanaomba vyuo visome kazi yenyewe, visiangalie tu jina la revi.

Kwa Kaoze, kazi ya kumkusanya imefanywa na watu, si mashine. Mwaka 1979 A. J. Smet alichapisha upya andiko lake pamoja na barua kadhaa kule Kinshasa, na mwaka 2018 maandishi yake yote yalitoka Brussels katika kitabu kimoja. Kijana anayetaka kumtaja anaweza kuanzia hapo, na aandike jina jinsi lilivyo: Stefano Kaoze.