Pumu ikitulia, je, imepona?

Jioni moja baada ya Magharibi, mama mmoja jirani wa Mtaa wa Narung'ombe alinijia katika ofisi ya msikiti, uso umemkunjuka. Mwanawe, mwanafunzi wa madrasa yetu, alikuwa hajabanwa na pumu kwa miezi minne. "Ustadhi, kijana amepona. Dawa nimekwisha kuziacha." Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimpongeza. Wiki mbili baadaye tulikung'uta mazulia ya msikiti, na kijana yule akabanwa kifua mbele ya macho yetu. Alikimbizwa hospitali, na alhamdulillahi akapata nafuu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma: ni lini yafaa kusemwa kwamba pumu imetulia? Mwaka 2020 jopo la mabingwa wa maradhi haya lilichapisha vigezo vyake. Mgonjwa apitishe walau miezi 12 bila dalili zenye uzito. Katika muda huo asihitaji steroidi za vidonge wala sindano. Vipimo vya nguvu ya mapafu viwe vimetengemaa. Tena yeye na daktari wake wawe wamekubaliana hivyo. Vyote kwa pamoja, si kimoja kimoja. Miezi minne ya kijana wetu ilikuwa theluthi tu ya safari.

Isitoshe, utulivu huo una daraja mbili: wa mtu anayeendelea na dawa, na wa aliyekwisha kuachishwa. Mama yule aliiona daraja ya kwanza akaidhania ya pili. Dawa ya kuvuta ya kila siku ndiyo iliyokuwa ikiuzuia uvimbe wa njia za hewa. Ile pampu ya buluu tuizoeayo huzifungua njia hizo kwa saa chache tu, uvimbe hauutibu.

Hata daraja ya pili si kupona. Wako watoto ambao pumu huwaacha wakibalehe, kisha ikawarudia ukubwani. Na Kariakoo vichochezi havikosekani: vumbi la ujenzi, moshi wa mkaa, pilipili zinazosagwa na, ingawa baadhi ya wazee wetu watanuna, udi.

Mama yule sasa huandika daftarini kila usiku ambao mwanawe amekohoa na kila mara alipoivuta pampu, kisha humpelekea daktari. Kurasa za miezi mitano zimejaa. Mazulia nasi twayakung'uta Jumamosi, madrasa ikiwa imefungwa.