Njia Mbili, Hatima Moja: Utegemezi Uliofichika na Uendelevu wa Mifumo ya Tehama katika Biashara za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna biashara zinavyoweza kulinda mifumo yake ya tehama na kuifanya iendelee kutoa huduma bila kukatika. Hoja kuu ni kwamba wingi wa njia, seva au nakala rudufu hauleti usalama iwapo vyote hivyo vinategemea kitu kimoja ambacho hakionekani katika mkataba wala katika ripoti ya ukaguzi. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa hesabu fupi ya upatikanaji wa huduma na kwa matukio yaliyotokea kati ya mwaka 2017 na 2024, ndani na nje ya Afrika Mashariki. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa wamiliki wa biashara na kwa vyombo vya udhibiti.

1.0 Utangulizi

Katika miji ya Afrika Mashariki, duka la jumla, zahanati binafsi, chama cha akiba na mikopo na kampuni ya kusafirisha mizigo hutegemea mifumo ya tehama kwa kazi ambazo zamani zilifanywa kwa daftari na stakabadhi. Malipo hupokewa kwa simu, bidhaa huagizwa mtandaoni, nyaraka za forodha huwasilishwa kwa njia ya kielektroniki na mishahara hupelekwa benki bila karatasi. Mfumo unaposimama, kazi haipungui kasi tu, bali mara nyingi husimama nayo, kwa kuwa daftari halipo tena na mtumishi aliyejua kulitumia amekwisha kustaafu.

Aghalabu mjadala wa jambo hili umegawanywa mafungu mawili. Usalama huhusishwa na wadukuzi, virusi na wizi wa nywila. Uendelevu wa huduma huhusishwa na umeme, jenereta na mafundi. Mgawanyo huo una manufaa katika kupanga idara, lakini hauna maana kwa mteja aliyesimama kaunta akisubiri malipo yake yapite. Kwake yeye, mfumo ama unafanya kazi ama haufanyi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 27001 kimeliona jambo hili, kwani huhesabu upatikanaji wa taarifa kuwa nguzo ya usalama sambamba na usiri na uadilifu wake. Kiwango cha ISO 22301, kilichotolewa mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2019, hushughulikia uendelevu wa shughuli kwa ujumla wake.

2.0 Hesabu ya upatikanaji

Mwaka wa kawaida una saa 8,760. Mtoa huduma anayeahidi upatikanaji wa asilimia 99 anajipa ruhusa ya kukosekana kwa saa 87.6 kwa mwaka, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Anayeahidi asilimia 99.9 anabakiza takribani saa 8.8, na anayeahidi asilimia 99.99 anabakiza dakika 53 hivi. Tarakimu moja inayoongezwa baada ya nukta hubadili maisha ya biashara.

Hapo ndipo wazo la njia mbadala linapoingia. Biashara yenye njia mbili za intaneti, kila moja ikiwa na upatikanaji wa asilimia 99, hutarajia kwamba zote mbili zitakosekana pamoja kwa asilimia 0.01 tu ya muda. Kwa gharama ya mkataba wa pili, siku tatu na nusu za giza zingegeuka kuwa chini ya saa moja. Hata hivyo, hesabu hiyo ina sharti moja lisiloandikwa: kila njia iharibike kwa sababu zake yenyewe, isiyo na uhusiano na nyingine. Njia hizo zikipita katika mtaro mmoja, kutumia kituo kimoja au kutegemea programu moja, zitakufa pamoja. Hapo biashara hulipia njia mbili na kubaki na upatikanaji wa njia moja.

Katika makala haya, hali hiyo inaitwa hatima ya pamoja. Matukio yafuatayo yanaonyesha sura zake.

3.0 Sura za hatima ya pamoja

3.1 Mikongo miwili, sakafu moja ya bahari

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya mawasiliano ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika katika eneo la bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mikongo hiyo ni ya wamiliki tofauti na ilianza kazi katika miaka tofauti, Seacom mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Hata hivyo, yote miwili hutia nanga Mtunzini, katika pwani ya Afrika Kusini, na katika sehemu hiyo hupita katika ukanda mmoja wa bahari. Huduma za intaneti zilizorota katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi.

Tukio hilo lilikuwa zito zaidi kwa sababu upande wa kaskazini ulikuwa umekwisha kudhoofika. Mwezi Februari mwaka huohuo, mikongo mitatu ilikatika katika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwa mmojawapo. Inaaminika kwamba iliburuzwa na nanga ya meli iliyoshambuliwa na kuachwa ikielea. Kwa hiyo, data iliyozuiwa kusini haikupata nafasi ya kutosha kaskazini.

Nchi zisizo na bahari zina funzo la ziada katika tukio hili. Kampuni ya Kigali, Kampala au Bujumbura inaweza kununua njia moja inayopita Kenya hadi Mombasa na nyingine inayopita Tanzania hadi Dar es Salaam. Kwenye ramani ya nchi kavu, njia hizo ni mbali na mbali, na mikataba ni ya makampuni mawili. Lakini EASSy na Seacom zote hufika Mombasa na Dar es Salaam. Hivyo njia zilizoachana mpakani zinaweza kukutana tena baharini, mahali ambapo mnunuzi hana habari napo.

3.2 Mlango mmoja wa huduma nyingi

Mwanzoni mwa Oktoba 2020, Stanbic Bank Uganda, MTN Uganda na Airtel Uganda zilitoa taarifa ya pamoja zikieleza kwamba hitilafu katika mfumo wa mtoa huduma wa tatu imeathiri miamala kati ya benki na pesa za simu, na kwamba huduma hizo zimesitishwa. Mfanyabiashara aliyekuwa na laini za mitandao yote miwili, ili mmoja ukigoma atumie mwingine, alikuta yote miwili haiwezi kumfikisha benki. Ushindani ulikuwepo mbele ya mteja. Nyuma ya pazia palikuwa na kiungo kimoja.

Hali inayokaribiana na hiyo ilitokea Kenya mwezi Julai 2023, pale jukwaa la eCitizen liliposhambuliwa kwa kumiminiwa maombi bandia mengi kuliko uwezo wake. Serikali ilieleza kwamba hakuna data iliyopotea. Hata hivyo, huduma za jukwaa hilo, ikiwemo maombi ya viza, zilikwama, na wasafiri ikabidi wapewe viza wanapowasili. Kukusanya huduma za serikali katika mlango mmoja kumerahisisha maisha ya mwananchi na kuimarisha ukusanyaji wa mapato. Lakini mlango huo unapozibwa, huduma zote zilizo nyuma yake huzibika kwa pamoja.

3.3 Nakala nyingi, ugonjwa mmoja

Mwezi Juni 2017, kampuni ya meli ya Maersk ilikumbwa na programu hasidi ya NotPetya, iliyoanza kuenea kupitia sasisho la programu ya uhasibu iliyotumika sana Ukraine. Kampuni ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi, na hasara ikakadiriwa kuwa dola za Marekani kati ya milioni 250 na 300.

Maersk ilikuwa na seva takribani 150 zilizotunza orodha ya watumiaji na haki zao za kuingia katika mifumo. Seva hizo zilisawazishwa kila mara, ili moja ikiharibika nyingine zichukue nafasi yake. Ulikuwa ulinzi mzuri dhidi ya kuharibika kwa seva moja, lakini haukusaidia dhidi ya ugonjwa ulioenea kwa njia zilezile za mawasiliano zilizoziunganisha. Iliyonusurika ni moja tu, iliyokuwa katika ofisi ya Ghana, na ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na kuitenga na mtandao kabla ya shambulio. Mfumo wa kampuni kubwa ulirejeshwa kutokana na nakala iliyokuwa nje ya mtandao kwa bahati tu. Kinachohitajika ni kuigeuza bahati hiyo kuwa utaratibu.

3.4 Mlinzi anapofunga nyumba

Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike lilisimamisha kompyuta takribani milioni 8.5 zinazotumia Windows duniani. Hapakuwa na mdukuzi. Kampuni iliondoa sasisho hilo baada ya dakika 78, lakini kompyuta nyingi zilizokwisha kulipokea zilihitaji fundi azishughulikie moja baada ya nyingine. Chombo cha usalama chenyewe kiligeuka kuwa sehemu ya hatima ya pamoja, kwa sababu kilifika kila mahali kwa wakati mmoja na kwa mamlaka makubwa ndani ya mfumo.

4.0 Akiba isiyojaribiwa

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika tehama, akiba huoza. Nakala rudufu inaweza kuandikwa kila usiku kwa miaka miwili na ikashindwa kufunguka siku inapohitajika, ama kwa sababu nywila yake imesahauliwa, ama kwa sababu hifadhidata muhimu haikujumuishwa. Tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika katika sehemu kubwa ya Kenya, jenereta ya akiba iliyohudumia sehemu ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta haikuwaka. Jenereta ilikuwepo, huduma yake haikuwepo.

Kwa hiyo, biashara haina budi kujiuliza maswali mawili kabla ya kununua chochote. Kwanza, mfumo huu ukisimama, biashara inaweza kuvumilia kwa saa ngapi? Pili, ikilazimika kurudi katika nakala ya mwisho, inaweza kupoteza kumbukumbu za muda gani? Duka la vifaa vya ujenzi laweza kuvumilia siku moja na kuandika upya mauzo ya jana kutoka katika stakabadhi. Kampuni ya pesa za simu haiwezi kupoteza hata muamala mmoja. Majibu hayo ndiyo yanayopaswa kuamua gharama ya ulinzi.

Kanuni inayojulikana kwa mafundi ni kutunza nakala tatu za data, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Funzo la Maersk linaongeza sharti la nne: walau nakala moja iwe imetengwa na mtandao, na nywila zinazoifungua zisiwe zilezile zinazofungua mfumo mkuu. Sharti la tano ni kuirejesha kwa majaribio, mbele ya mwenye biashara, kwa tarehe iliyopangwa, muda uliotumika ukiandikwa.

Mifumo iliyowekwa ndani ya nchi nayo inahitaji jaribio la aina hii. Kwa kawaida, mawasiliano kati ya watumiaji na seva za ndani, yakipita katika vituo vya kubadilishana data vya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, huendelea hata mkongo wa baharini ukikatika. Lakini mfumo wa ndani unaomtambua mtumiaji kwa kuuliza seva iliyo ng'ambo utagoma mlangoni, ingawa data yote iko jirani. Njia ya kulijua hilo ni kukata kwa makusudi kiungo cha nje kwa saa chache na kuona kinachosimama.

5.0 Athari kwa sera

Sheria za ulinzi wa data za ukanda huu zimeweka msingi muhimu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka mhusika kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 data binafsi inapovuja; ya Rwanda ya mwaka 2021 imeweka saa 48. Hata hivyo, shabaha yake ni data ya mtu binafsi. Mkongo unaokatika, au jukwaa linalozibwa bila data kuvuja, ni jambo la aina nyingine, hata kama maelfu ya wafanyabiashara wamepoteza siku nzima ya mauzo.

Umoja wa Ulaya umejaribu kuliziba pengo kama hilo katika sekta ya fedha kwa kanuni ya DORA, iliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 2025. Kanuni hiyo inazitaka taasisi za fedha kutunza rejista ya watoa huduma wao wa tehama na kutathmini hatari ya wengi kumtegemea mmoja. Si lazima Afrika Mashariki iinakili kanuni hiyo, lakini swali lake linafaa kuulizwa hapa. Mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, mtoa huduma anayeuza njia mbadala alazimike kumweleza mnunuzi, kwa maandishi, njia hiyo inapita wapi hadi mwisho wake, ikiwemo majina ya mikongo na vituo vya kutia nanga. Pili, benki kuu na mamlaka za mawasiliano zikusanye kwa siri ramani ya watoa huduma wa kati wanaotegemewa na taasisi nyingi, kwa kuwa taasisi moja haiwezi kuona kwamba mshindani wake anategemea kiungo kilekile. Tatu, kwa kuwa mikongo hiyohiyo huhudumia nchi kadhaa, taarifa za kukatika kwa huduma ziandikwe kwa muundo mmoja katika Jumuiya nzima, zikieleza chanzo, muda wa kurejea na utegemezi uliogundulika.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba biashara nyingi hazisimami kwa kukosa akiba, bali kwa kuwa na akiba inayokufa siku moja na kile inachokilinda. Mkataba wa pili, seva ya pili na laini ya pili vina thamani pale tu inapothibitishwa kwamba havishiriki njia, programu, nywila wala mtoa huduma na vile vya kwanza. Uthibitisho huo haupatikani katika kipeperushi cha muuzaji. Hupatikana kwa kuuliza njia inapita wapi, kisha kuizima ya kwanza kwa makusudi, siku ya kazi chache, mafundi wakiwepo. Biashara ambayo haijathubutu kufanya hivyo bado haijui kama ina njia mbili au moja.