Akiba ya Umeme na Gharama Yake

Mto haulali, lakini watumiaji wa umeme hulala. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha gharama ambayo wengi huisahau wanaposema kwamba umeme wa maji, wa jua au wa upepo ni rahisi kwa kuwa hauhitaji mafuta. Umeme ukizalishwa saa ambayo hauhitajiwi, sharti uwekwe akiba. Nayo akiba ina bei yake.

Mfano mzuri ni Mbalizi, karibu na mji wa Mbeya, ambako kituo kidogo cha nguvu za maji chenye uwezo wa kilowati 340 kilijengwa mwaka 1958. Ichukuliwe kwamba katika kituo cha ukubwa huo, tangu saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri, mashine za kusaga zimesimama na taa nyingi zimezimwa, hata kilowati 200 zikakosa mtumiaji. Kwa muda wa saa 5 hizo uniti 1,000 hupotea, kwani uniti 1 ni kilowati 1 itumikayo kwa saa 1.

Njia ya kwanza ya kuziokoa ni betri. Mwaka 2010 bei ya wastani ya betri za lithiamu duniani ilizidi dola 1,000 za Marekani kwa kila uniti ya akiba. Mwaka 2024 ilikuwa imeshuka hadi dola 115 hivi. Kwa bei hiyo uniti 1,000 zahitaji betri za dola 115,000, mbali na nyaya, vifaa vingine na ufundi. Betri zikijazwa na kutumiwa mara 4,000 kabla ya kuchakaa, kila uniti iliyohifadhiwa huongezewa senti 3 hivi za dola.

Njia ya pili ni kuyazuia maji yenyewe. Mita 1 ya ujazo ya maji, yaani kilo 1,000, ikianguka kimo cha mita 100 hutoa jouli 980,000, hali uniti 1 ni jouli 3,600,000. Ikiwa mitambo hugeuza asilimia 80 ya nishati hiyo kuwa umeme, uniti 1 huhitaji mita za ujazo 4.6 hivi. Basi uniti 1,000 hutosha katika bwawa lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 46 na kina cha mita 2. Bwawa hilo huchimbwa mara moja na hudumu miaka mingi, mradi matope yaondolewe.

Hata hivyo, bwawa la usiku mmoja halivushi kiangazi. Kwa sababu hiyo bwawa kubwa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, lilikamilishwa mwaka 1980 ili kuhifadhi maji ya mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu. Lakini ukame wa mwaka 2006 uliyateremsha maji hayo, na nchi ikaingia katika mgao wa umeme.

Hapo ndipo jua linapofaa, kwa kuwa huwaka sana wakati mito inapopungua. Paneli za jua zikibeba mzigo wa mchana, maji hubaki bwawani yakingoja usiku, na uniti hizo huwekwa akiba bila kununua betri hata moja.