Deni Lisiloandikwa Daftarini

Na Mwandishi Wetu

Milima haikutani, binadamu hukutana. Msemo huu tumeuzoea mno, hata tunautamka bila kuutafakari. Lakini wahenga hawakusema kwamba binadamu hukutana kwa wakati. Wapo wanaokutana mapema, wakashikana mikono na kucheka. Wapo pia wanaofika na kuonyeshwa kaburi.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaoishi katika jiji hili hatukuzaliwa hapa. Tulishuka stendi na mfuko mmoja na anwani iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Kama leo tuna kazi, chumba na watoto wanaokwenda shule, ni kwa sababu mtu fulani, ambaye hakuwa na udugu nasi, alitufungulia mlango. Swali la leo ni hili: mtu huyo yuko wapi, na wewe umemwendea lini?

TAA YA GETINI

Mwandishi wa makala haya alifika Dar es Salaam mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, kusomea stashahada ya uandishi wa habari. Nilipokelewa na jamaa wa ukoo. Baada ya miezi mitatu jamaa huyo alinieleza kwamba nyumba imekuwa ndogo. Simlaumu sasa, kwani nami nimekuwa na nyumba na ninajua jinsi inavyoweza kuwa ndogo. Lakini jioni ile nilijikuta kando ya barabara, Mikocheni, nikiwa na godoro la sifongo kichwani.

Mikocheni ilipata jina lake kutokana na mikoche, ile miti ya jamii ya minazi inayogawanyika matawi. Leo ukitaja Mikocheni, watu hufikiri maghorofa, kuta ndefu na magari ya fahari. Lakini Mikocheni ina sura mbili. Nyuma ya kuta hizo wanaishi walinzi, wapishi na watunza bustani. Na karibu na viwanda vidogo vidogo huwapo daima akina mama wanaouza uji alfajiri na wali kwa maharage adhuhuri.

Mmoja wa akina mama hao alikuwa akinipikia kwa mkopo. Mumewe alikuwa mlinzi katika nyumba moja kubwa, nao waliishi katika chumba cha uani pamoja na watoto wao wawili. Aliponiona na godoro langu hakuniuliza mengi. Alisema, "Baba, weka chini hilo godoro, ule kwanza."

Nilikaa kwao miezi mitano. Usiku nililala barazani, nje ya chumba chao. Kwa kuwa sikuwa na mahali pa kusomea, mzee aliniruhusu kukaa kwenye kiti chake getini, chini ya taa, naye akawa analinda amesimama. Mitihani yangu ya mwaka ule niliifanyia maandalizi chini ya taa ile.

Nilipopata chumba pamoja na wanafunzi wenzangu, nilimwomba mama afungue daftari lake la madeni anijumlishie. Alilifunga. "Nenda ukajenge maisha kwanza," alisema. Nikaenda. Nami, ndugu msomaji, sikurudi.

AIBU YA MKONO MTUPU

Kwa nini sikurudi? Si kwamba nilisahau. Mwaka wa kwanza nilisema nitakwenda nikipata kazi. Nilipopata kazi nikasema nitakwenda nikipata mshahara wa maana. Nikipata mshahara nikasema siwezi kwenda mkono mtupu, ngoja nioe, ngoja nijenge. Ndivyo miaka inavyokwenda. Kila mwaka deni lilionekana kuwa kubwa zaidi, na zawadi niliyoiwazia ikawa ndogo zaidi mbele yake. Mwishowe nikaanza kupita barabara nyingine.

Nimezungumza na wafanyakazi wenzangu kuhusu jambo hili, nao wamekiri yale yale. Tunawakimbia waliotutendea mema kama tunavyowakimbia wanaotudai. Ni ajabu, kwani anayetudai anatutafuta. Aliyetutendea wema hatutafuti kamwe.

Nilipokwenda hatimaye, sikuiona nyumba. Mahali pake palikuwa na jengo la ghorofa lenye maduka chini. Mlinzi kijana aliyekuwapo hakujua lolote. Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, nikaelekezwa kwa mzee mmoja mkaazi wa siku nyingi, naye akanielekeza kwa fundi viatu, na fundi viatu ndiye aliyejua kwamba mama alihamia Mbagala. Kazi niliyoiahirisha kwa miaka mingi ilimalizika kwa siku mbili na nauli ya daladala.

"TULIDHANI UMEKUFA"

Nilimkuta ameketi mkekani akichambua mchele. Hakunitambua. Nilimtajia jina langu, akatikisa kichwa. Nilimtajia chuo, akatikisa kichwa. Nilipotaja taa ya getini, aliweka ungo chini.

"Ni wewe?" akasema. "Sisi tulidhani umekufa."

Mzee alikuwa amefariki dunia mwaka 2016. Mama alinieleza bila lawama, na kwa sababu hiyo maneno yake yalinichoma zaidi. Alisema kwamba kila walipoona kijana amebeba vitabu, mzee aliuliza, "Hivi yule wa taa alifaulu?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Alikufa bila kujua kwamba nilifaulu.

Kisha nikaelezwa mambo ambayo sikuyajua. Mwenye nyumba aliwahi kumkaripia mzee na kutishia kumfukuza kazi kwa kumweka mgeni ndani ya ua. Mzee aliomba radhi na kudai kwamba mimi ni mtoto wa dada yake. Ipo pia wiki ambayo mama na mzee waligombana juu ya unga, kwa kuwa midomo ilikuwa mitano na mfuko ulikuwa mmoja. Mimi, kwa ujana wangu, nilidhani wema ule haukuwagharimu chochote, kwa sababu tu walitabasamu.

Nilimwuliza kama nilikuwa peke yangu. Akacheka, akaanza kuhesabu kwa vidole. Vijana saba walipita mikononi mwao kwa nyakati mbalimbali. Waliorudi kumwona, pamoja nami, ni watatu. Hakuwalaani wanne waliobaki. Aliniomba jambo moja tu: mimi ninayeandika gazetini, nikisikia habari za mmoja wao, nimwambie.

WAZEE WA KARIAKOO

Tusidhani jambo hili ni la watu wadogo tu. Historia ya nchi yetu imejengwa juu ya mabaraza ya namna hiyo. Julius Nyerere aliporejea kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, alikuja kuwa mwalimu katika shule ya St. Francis, Pugu, nje ya mji. Mjini hakuwa na kwao. Walimpokea watu wa Dar es Salaam, miongoni mwao Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz, wakakaa naye barazani na kuzungumza habari za nchi. Mwaka 1953 alichaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa.

Mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, aliacha ualimu, na mshahara ukakoma. Hapo ndipo wema ulipopimwa. Nyumba ya akina Sykes ya Kariakoo ilimpa hifadhi yeye na familia yake. Inasimuliwa kwamba Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki katika soko la Kariakoo na mmoja wa wazee wa TANU, alikuwa akihakikisha chakula hakikosekani nyumbani kwa Mwalimu. Dossa Aziz alitoa gari lake litumike kwa kazi za chama.

Mwaka 1985, Mwalimu alipokuwa anang'atuka, alikutana na wazee wa Dar es Salaam katika Ukumbi wa Diamond Jubilee kuwaaga, akawakumbusha siku zile za mwanzo. Lakini tutazame pia nani hakuwapo ukumbini. Abdulwahid Sykes alikuwa amefariki mwaka 1968. Hata mkuu wa nchi, mwenye magari na wasaidizi, hawezi kumfikishia marehemu neno la shukrani. Basi wewe na mimi tunangoja nini?

MWISHO WA HADITHI

Nilichojifunza Mbagala ni kwamba shukrani si malipo. Yule mama hakungoja fedha zangu. Nilipompa bahasha aliiweka chini ya mkeka bila kuitazama. Alichongoja ni habari. Mtu anayekusaidia ukiwa kijana huwa ameanza hadithi ambayo mwisho wake unao wewe. Usiporudi, umemnyima mwisho huo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usingoje mkono ujae. Kilo moja ya sukari inatosha, na hata ikikosekana, nenda. Usitume fedha kwa simu ukadhani umekwenda. Simu haiketi mkekani. Kama hujui aliko, anza na ofisi ya serikali ya mtaa, msikiti au kanisa alilosali, na fundi au muuza duka wa zamani, kwani hao ndio kumbukumbu ya mtaa. Ukifika, usijigambe kwa ulichonacho. Keti, sikiliza, uliza wema ule uliwagharimu nini. Na wachukue watoto wako, wapate kujua kwamba baba yao aliwahi kulala barazani kwa watu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mbagala na mke wangu na watoto. Kabla ya chakula mama alituongoza hadi kaburini kwa mzee. Tulipomaliza kumwombea, mama aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na mwenzake chumba cha pili:

"Mzee, yule wa taa alifaulu."