Kuanguka kwa Kiendeshi cha Kadi ya Michoro katika Ukokotoaji wa Kujitolea: Mfano wa Mazingira ya Elwak

1.0 Utangulizi

Ukokotoaji wa kujitolea ni utaratibu ambapo wamiliki wa tarakilishi huziazima kwa utafiti wa kisayansi wakati hazina kazi nyingine. Kazi kubwa hugawanywa vipande vidogo, kila kipande hutumwa kwa tarakilishi kupitia intaneti, na matokeo hurudishwa kwa watafiti. Haba na haba hujaza kibaba. Mradi wa SETI@home, ulioanza mwaka 1999 na kusitisha ugavi wa kazi mwaka 2020, ndio uliouvumisha utaratibu huu. Mfumo wa BOINC uliotokana nao ungali unatumiwa na miradi mingine. Afrika nayo ilihusishwa: hadi mwaka 2016, mradi wa MalariaControl.net ulitumia tarakilishi za watu wa kujitolea kuiga ueneaji wa malaria.

Miradi kadhaa siku hizi hutumia kadi ya michoro, kwa kuwa kadi hiyo hufanya maelfu ya hesabu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, watumiaji wengi hukumbwa na tatizo la kiendeshi kuanguka. Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo wa tarakilishi kuwasiliana na kadi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua chanzo cha tatizo hilo katika mazingira ya Elwak, mji wa Kaunti ya Mandera ulio karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Miongozo mingi huanza kwa kumtaka mtumiaji abadilishe kiendeshi. Hoja ya makala haya ni kwamba katika mazingira ya Elwak hatua hiyo inafaa kuwa ya mwisho.

2.0 Maana ya Kuanguka kwa Kiendeshi

Tangu toleo la Vista, Windows huipa kadi muda wa kuitikia, ambao kwa kawaida ni sekunde 2. Muda huo ukipita bila jibu, Windows huchukulia kwamba kadi imeganda, hivyo hukianzisha kiendeshi upya. Skrini huwa nyeusi kwa muda mfupi kisha hurudi, na kipande cha kazi kilichokuwa kikikokotolewa huweza kupotea. Tukio hilo huandikwa katika kumbukumbu za matukio kwa nambari 4101. Likijirudia zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 60, tarakilishi yote husimama kwa skrini ya buluu.

Kwa hivyo, ujumbe unaokitaja kiendeshi hauthibitishi kwamba kiendeshi ndicho kibovu. Ujumbe huo ni dalili tu kwamba kadi haikujibu kwa wakati.

3.0 Vyanzo na Namna ya Kuvitambua

3.1 Joto

Feni ya kadi hupooza kwa hewa ya chumbani. Kadi inayofanya kazi ileile hupanda joto takriban sambamba na chumba: chumba kikitoka nyuzi 22 za selsiasi hadi 36, kadi nayo huongezeka nyuzi 14 hivi. Kadi iliyofika nyuzi 70 katika nchi ya baridi itafika 84 hapa, kiwango ambacho kadi nyingi huanza kujipunguzia kasi. Vumbi likiziba feni, hali huwa mbaya zaidi. Inafaa kusafisha kadi, kuipa nafasi ya hewa na kushusha kikomo chake cha umeme.

3.2 Umeme

Kwa miaka mingi Elwak imepata umeme kutoka kwa kituo cha mjini chenye jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Volti zikishuka ghafla wakati kadi inahitaji nguvu nyingi, kadi hukosa kuitikia. Saa za matukio husaidia kutofautisha vyanzo hivi viwili. Kuanguka kwa adhuhuri huelekeza kwenye joto, ilhali kuanguka kwa jioni, watu wanapowasha taa na vyombo, huelekeza kwenye umeme.

3.3 Kazi Yenyewe

Kadi kuukuu huweza kushindwa kumaliza sehemu ya hesabu kwa sekunde 2 hata ikiwa nzima. Aidha, kipande chenyewe huweza kuwa na kasoro. Katika miradi mingi ya BOINC, kipande kimoja hutumwa kwa tarakilishi zaidi ya moja na matokeo yake huonekana. Iwapo kipande kimeshindwa kwa wengine pia, kadi haina lawama.

3.4 Kiendeshi

Hatua hii huachwa mwisho kwa sababu kiendeshi kipya huwa na megabaiti mia kadhaa, na kukipakua ni gharama palipo na intaneti ya polepole. Ikibidi, kiendeshi cha zamani kiondolewe kabisa kwanza, na kipya kitoke kwa mtengenezaji wa kadi. Kile kinacholetwa na Windows yenyewe huweza kukosa sehemu za ukokotoaji kama OpenCL.

Katika hatua zote, jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja, na matokeo yaandikwe daftarini: saa, joto la kadi na jina la kazi. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja hatajua lililomponya.

4.0 Uzito wa Suala

Kadi ya wati 150 ikifanya kazi saa 24 hutumia yuniti 3.6 za umeme. Ikiwa kila kipande kinaanguka, umeme huo umepotea bure. La kutisha zaidi ni kadi isiyoanguka bali inayotoa hesabu zisizo sahihi. Miradi hulinganisha majibu ya tarakilishi mbili, na yakitofautiana huhitaji ya tatu. Kadi mbovu basi hula muda wa watu wengine pia.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba katika mazingira ya Elwak uchunguzi uanze na joto na umeme, ufuatwe na kazi, kisha kiendeshi. Ikiwa hatua zote zimeshindikana, ni busara kuiondoa kadi katika mradi na kuendelea na kichakataji pekee. Mchango mdogo ulio sahihi una manufaa kwa sayansi kuliko mkubwa usioaminika.