Kwa Nini Kitambua Metali Huzimika Kinapolia

Wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini mwetu, ambao wamo pia katika milima ya Mpepo, wilayani Nyasa, siku hizi hawategemei karai na sururu peke yake. Wengine hubeba kitambua metali, chombo chenye mpini mrefu na sahani bapa ipitishwayo juu ya ardhi. Wapo vilevile wanaokitumia kutafuta sarafu na vyuma vya kale, na mwambao wa Ruvuma una mengi ya kuwavutia. Liuli iliitwa Sphinxhafen wakati wa Wajerumani, na meli yao Hermann von Wissmann ilishambuliwa hapo na Waingereza mwezi Agosti 1914. Simulizi za mali iliyofukiwa na Wajerumani zimeenea Kusini kote.

Watumiaji wa chombo hiki hukutana na jambo moja la kutatanisha. Chombo huwaka vizuri na kutulia. Lakini mara sahani ipitapo juu ya metali, hulia kidogo kisha huzimika. Kikiondolewa hapo na kuwashwa tena, huwaka kama kwamba hakikuwa na ugonjwa wowote. Hapo hakosekani mtu wa kusema kwamba mali hiyo ina mwenyewe. Fizikia ya kidato cha tatu yatosha kueleza mkasa huu.

Ndani ya sahani mna koili ya waya wa shaba. Mkondo wa umeme unaobadilika-badilika ukipita humo hutokeza uga wa sumaku. Uga huo ukikuta metali huamsha ndani yake mikondo midogo izungukayo, nayo mikondo hiyo hutoa uga wake dhaifu unaorudi kwenye sahani. Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alijaribu kwa kanuni hii mwaka 1881 kuitafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Hakufaulu, na sababu mojawapo itajwayo ni springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa.

Ishara inayorudi ni ndogo sana, hivyo hukuzwa kabla ya kupelekwa kwenye spika. Spika ndiyo yenye ulaji mkubwa wa umeme. Chombo kinaponyamaza hutumia mkondo mdogo. Kinapolia, mkondo huongezeka mara kadhaa. Hili ndilo shina la tatizo letu.

Kile tunachokiita dukani betri moja, au jiwe la tochi, kwa lugha ya kisayansi ni seli. Seli yoyote ina ukinzani wake wa ndani. Ikiwa mpya, ukinzani huo ni sehemu tu ya omu moja; kadiri kemikali zake zinavyotumika na kukauka, ukinzani hupanda. Volti zinazopotea ndani ya seli ni mkondo mara ukinzani huo. Mkondo usipopita, hakuna kinachopotea, na ndiyo maana seli iliyochoka yaweza kuonyesha karibu volti 1.5 kwenye mita na kumhadaa fundi.

Tuchukue mfano. Chombo kinatumia seli sita zilizounganishwa mfululizo. Mita, chombo kikiwa kimezimwa, inaonyesha volti 8.7, na mwenye chombo anaridhika. Lakini ukinzani wa ndani wa seli zote kwa pamoja umefika omu 15. Kikiwa kimya chombo kinatumia ampea 0.06: zinapotea volti 0.9, zinabaki 7.8. Kinapolia kinatumia ampea 0.2: zinapotea volti 3, zinabaki 5.7. Ikiwa chombo hakiwezi kufanya kazi chini ya volti 7, kitazimika wakati uleule kinapogundua metali. Mkondo ukikatika volti hupanda tena, na chombo huonekana kimepona.

Kwa hiyo betri ipimwe ikiwa kazini. Mwalimu mwenye voltimita na balbu ya tochi ya volti 2.5 anaweza kulionyesha jambo hili darasani. Unganisha balbu kwenye seli moja, soma mita kwa sekunde chache, kisha nenda kwenye seli inayofuata. Seli nzima itashuka kidogo tu. Mbovu itaporomoka, pengine chini ya volti moja, na balbu itafifia. Mara nyingi ni seli moja au mbili tu zinazowaangusha wenzao, hasa pale zilipochanganywa mpya na kuukuu. Mtindo huo wa kuchanganya, ambao hufanywa kwa nia ya kubana matumizi, hasara yake ni kubwa kuliko faida: mkondo wa seli nzima hulazimishwa kupita katika ile iliyokwisha, nayo hupasuka na kuvuja.

Seli zikiwa nzima zote, jumlisha volti zake chini ya mzigo, kisha pima volti zinazofika kwenye waya za chombo chenyewe. Tofauti yoyote kubwa inapotelea njiani, yaani kwenye springi na vibati vya sanduku la betri. Ukungu mweupe au wa kijani hapo ni dalili ya kutu na uvujaji. Seli za alkali huvuja potasi kali. Ifute kwa kitambaa chenye matone machache ya siki au maji ya limau, kausha, kisha sugua kwa msasa laini. Linda macho na vidole. Volti zikifika zote na chombo bado kinazimika, hapo ndipo fundi ana haki ya kukifungua.

Hali ya hewa ya mkoa huu nayo ina sehemu yake. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni baridi. Ziwa liko chini ya mita 500. Baridi hupunguza kasi ya ayoni ndani ya seli na kuongeza ukinzani. Ndiyo sababu kuanika mawe juani huonekana kuyafufua: joto huharakisha ayoni kwa muda, lakini halirudishi kemikali iliyokwisha, na huchochea uvujaji. Tena, chombo kilicholala kwenye baridi ya Umatengo kikishushwa Mbamba Bay na kufunguliwa papo hapo, mvuke wa hewa ya ziwani hugeuka matone juu ya vibati vyake. Kiachwe kwanza kipate joto la mahali, kikiwa ndani ya mfuko uliofungwa.

Wengine, wakichoshwa na bei ya seli, huunganisha betri ya pikipiki. Hiyo ni ya volti 12, na injini ikiwaka huzidi 14, ilhali chombo cha mfano wetu kiliundwa kwa volti 9. Ncha zikigeuzwa kimakosa, kinaweza kuungua mara moja. Seli zinazochajiwa za nikeli zafaa zaidi, japokuwa kila moja hutoa volti 1.2, hivyo sita ni 7.2 tu, na taa ya onyo yaweza kuwaka mapema. Mvua zianzapo mwezi Novemba na chombo kikawekwa kabatini, seli zote zitolewe kwanza.